Gari jipya la bei nafuu au lililotumika kutoka Japani: lipi linamfaa mkazi wa Dodoma?

Mwanzisha mada, Nzuguni

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo pale ofisini Mtumba limetugawa tangu mwezi uliopita, baada ya mwenzetu mmoja kuchukua mkopo na kununua gari jipya kabisa, dogo, lenye umbo la gari la juu, la aina hizi zinazoundwa India na kuuzwa kwa bei inayokaribia ya gari zuri lililotumika. Wapo wanaompongeza kwamba ameachana na maradhi ya gari la mwenzake, na wapo wanaosema amenunua harufu ya upya. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kuupinga aanze kujiandaa: kwa mtu wa Dodoma anayekopa ili anunue, gari lililotumika ambalo halijafikisha miaka minane linamfaa kuliko jipya la bei nafuu, na lililovuka miaka kumi halimfai kabisa.

Nianze na kodi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Gari la abiria likiingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ambao ni sifuri kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 hadi cc 2,000 na asilimia 10 juu ya hapo, halafu kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yote hiyo. Lililotumika huongezewa kile tunachokiita kodi ya uchakavu: asilimia 15 likiwa na miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 likivuka kumi. Chukulia magari mawili ya cc 1,500 ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) imeyathamini kwa shilingi milioni 12 kila moja. La miaka saba litafika takriban milioni 18.6 baada ya kodi hizo, ukiacha tozo ndogondogo, na la miaka kumi na miwili litafika karibu milioni 23.9. Zaidi ya milioni 5 zimelipia uzee. Ni kweli kwamba gari kuukuu huthaminiwa chini, lakini TRA wana jedwali lao la thamani na hawashurutishwi na ankara uliyotumiwa, kwa hiyo anayejisifu kwamba amelipata kwa bei ya kutupa mnadani asubiri kwanza hesabu ya bandarini. Kenya walilimaliza suala hili kwa kuzuia gari lililozidi miaka minane, na Uganda wakaweka kumi na mitano. Sisi tumeachiwa mlango wazi, tuingie kwa fedha zetu.

Nakiri kwamba gari nililo nalo sasa ni la kundi hilo ninalolikataza. Nililinunua mwaka 2018 katika yadi moja, mita ikisoma kilometa 61,000, nami nikafurahi kama mtoto wa Idi. Miezi mitatu baadaye, wakati wa kuliosha, niliona pembeni mwa mlango wa dereva kibandiko kidogo cha karatasi chenye maandishi ya Kijapani, cha aina ile ambayo gereji za huko hubandika baada ya kubadilisha oili. Kilisomeka mwaka wa 27 wa Heisei, yaani 2015, na kilometa 98,000. Raba ya pedali ya breki nayo ilikuwa imelika hadi chuma kinachungulia, jambo ambalo nilipaswa kuliona siku ya kwanza kama nisingekuwa nimeshughulika na rangi. Kwa hiyo sitetei magari yaliyotumika kwa sababu sijawahi kuumizwa nayo.

Ninayatetea kwa sababu ya hesabu ya mkopo. Tuseme jipya linazidi lililotumika kwa shilingi milioni 15, na benki inakupa kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka mitano, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua. Tofauti hiyo peke yake itakukata mshahara kiasi cha shilingi 357,000 kila mwezi. Wauzaji hujibu kwamba utairudisha kwenye mafuta. Haya, ukitembea kilometa 1,500 kwa mwezi, jipya likienda kilometa 16 kwa lita na Toyota Rush iliyotumika ikienda 12, utaokoa lita 31, ambazo kwa shilingi 3,000 ni kama 94,000. Zilizobaki 263,000 unazilipa ili ulale usingizi. Pengine usingizi una thamani hiyo, lakini tusiuite uokoaji.

Pia yapo magari ya kati ambayo hayatajwi sana. Toyota Raize, kwa mfano, ilianza kuuzwa Japani Novemba 2019 ikiwa na injini ya cc 996, na ipo yenye fowili, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne. Haina ushuru wa bidhaa, na za mwanzo bado ni changa. Kwa nini mtu aruke hapo akimbilie jipya lisilo na fowili?

Mchangiaji, Ilazo

Ndugu mwanzisha mada, nimekusoma kwa makini, na hesabu zako sina ugomvi nazo isipokuwa kwamba umehesabu kila kitu cha gari jipya na kusahau nusu ya lile lililotumika. Mimi nilinunua jipya, dogo, la injini ya lita moja, mwaka wa pili huu. Sijawahi kumpigia fundi simu usiku. Sijawahi kusimama pale Kibaigwa na watoto nikisubiri rejeta ipoe. Gari langu la zamani, ambalo lilikuwa la miaka saba nililipoagiza, kama unavyoshauri wewe, lilinila katika mwaka wa kwanza tairi nne, betri, shokapu za mbele na bushi zake zote, na redio haikushika stesheni yoyote juu ya 90 kwa sababu redio nyingi za Japani za miaka hiyo ziliishia huko, hadi nilipofungiwa kifaa cha kubadilisha. Hilo la redio ni dogo, lakini shokapu si ndogo.

Kubwa zaidi ni usalama, ambao hukuugusa hata kwa sentensi moja. Magari mengi ya Kijapani yaliyoundwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, na makumi ya mamilioni yake duniani yaliitwa yarekebishwe kwa sababu kemikali inayopuliza mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali chombo chake kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Gari likishapanda meli, yule aliyepaswa kuandikiwa barua hayupo tena. Je, wewe ulikagua la kwako, au ulikagua rangi tu?

Tena naomba tuache kuzungumza kana kwamba kila mkazi wa Dodoma anaishi porini. Kutoka Ilazo hadi Mtumba ni lami. Safari ya Dar es Salaam tangu mwaka 2024 ni ya treni ya SGR, unakaa kitini na kusoma gazeti. Fowili ya kwendea wapi?

Fundi, Chang'ombe

Wakubwa zangu, naomba niingie kwa upande wa gereji, kwa kuwa magari ya nyote wawili hatimaye yanaletwa kwetu.

Dada wa Ilazo anasema kweli kuhusu mwaka wa kwanza wa gari lililotumika. Mteja akinisikiliza, namwambia atenge milioni mbili hadi tatu kabla hajaligusa, naye huwa hanisikilizi. Lakini asidhani kwamba lami ya Mtumba inamkinga. Vumbi la hapa kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba halichagui jipya wala kuukuu, na vichujio vya hewa ninavyovitoa vikiwa vyekundu kama matofali vingi ni vya magari ya watu wasiotoka mjini. Injini ndogo yenye taabo (turbo), ikinyweshwa vumbi na kucheleweshewa oili, haivumilii kama zile kubwa za zamani. Hilo linaihusu pia hiyo Raize, pamoja na giaboksi yake ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo nashauri oili yake ichomolewe kidogo na kunuswa kabla ya fedha kutoka. Ikinuka kuungua, mrudishie mwenye gari ufunguo wake.

Jambo la pili ni spea. Bushi ya Rush au taa ya IST naipata hapa mjini kabla ya saa sita mchana, mpya au ya kuvuliwa. Mwezi uliopita mteja wa gari jipya aligongwa taa ya mbele na bajaji, akakaa wiki tatu akisubiri taa, na muda wote huo alikuwa akitembea kwa daladala na mkopo unakatwa.

Mwanzisha mada, Nzuguni

Fundi, asante, hiyo ya kunusa oili naichukua. Dada, nimepokea vipigo viwili kati ya vitatu, na nitakujibu kimoja kimoja.

Treni haikusaidii kwenye hoja hii. Dhamana ya gari jipya huwa na masharti, na la kwanza ni kwamba lifanyiwe matengenezo kwa wakala anayetambuliwa. Kama wakala wako yuko Dar es Salaam, gari halipandi SGR pamoja nawe. Utaliendesha karibu kilometa 450 kwenda na nyingine 450 kurudi, na ikiwa ratiba ni kila kilometa 10,000, basi karibu sehemu moja ya kumi ya maisha ya gari lako inatumika kulipeleka kwenye matengenezo. Ambaye aina ya gari lake ina wakala hapahapa Dodoma, hoja hii haimhusu, naye namshauri apate jibu hilo kwa maandishi kabla ya kuuliza rangi.

Kuhusu fowili, nakubali kwamba nilijisahau. Mimi nina shamba la zabibu upande wa Bahi, na lipo korongo ambalo Februari hulivuki bila magurudumu manne kuvuta, nikaandika kana kwamba kila mtu analivuka. Anayeishi Ilazo na kufanya kazi Mtumba hana sababu ya kulipia kitu hicho, na kama ananunua kwa fedha taslimu na anakusudia kukaa na gari miaka kumi, hesabu yangu ya mkopo haimgusi. Huyo anunue jipya.

Katika usalama, hata hivyo, upya si dhamana. Mwaka 2020 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, walipoigongesha Suzuki S-Presso iliyoundwa India kwa soko la India, haikupata hata nyota moja ya kumlinda mtu mzima, wakati Tata Nexon, ya India vilevile, ilikuwa imepata nyota tano mwaka 2018. Bei nafuu mara nyingine imepatikana kwa kupunguza kitu ambacho mnunuzi hakioni akiwa amekaa kitini, na kwa hiyo swali la kuuliza ni nyota ngapi, na zilipimwa kwa toleo la nchi gani.

Hilo la Takata ndilo ninalokushukuru nalo. Jana jioni niliingiza namba ya chesisi ya gari langu kwenye tovuti ya watengenezaji wake huko Japani, ukurasa ukiwa wa Kijapani mtupu na binti yangu akinitafsiria kwa simu yake. Jibu lililokuja ni kwamba mfuko wa hewa wa upande wa abiria uliitwa ubadilishwe, na kazi hiyo haikufanyika. Upande huo ndio anaokaa mama watoto kila asubuhi. Nimempigia wakala wao, akasema kazi hiyo haina malipo na inachukua kama saa mbili, ila gari lifikishwe kwake. Yuko Dar es Salaam, barabara ya Nyerere. Ijumaa naondoka nalo alfajiri, na hadi nitakaporudi mama watoto atakaa kiti cha nyuma, jambo ambalo ameniuliza sababu yake na bado natafuta namna ya kumwambia.