Nina miaka 38, ni mgumu (mpagazi) wa mlimani, nataka Kijerumani. Nimechelewa?

Mgumu_wa_Rombo:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mwaka wa 11 huu nabeba mizigo Kilimanjaro, zaidi njia ya Marangu. Kilo 20 kichwani, getini hadi kambi ya Kibo. Wageni wetu wengi ni Wajerumani, na bosi kasema atakayejua lugha yao atamfikiria kwanza akitafuta wasaidizi wa viongozi.

Shida ni hizi. Kichwa kimeshakuwa kizito, hata fomu foo nilitoka na ziro. Goethe-Institut, wanakofundisha Kijerumani, iko Dar, mimi niko Rombo. Muda sina: nikishuka mlimani mgongo unauma, nikifika nyumbani migomba inaningoja. Na huku hakuna Mjerumani wa kuongea naye. Nijaribu au niachane nayo?

Kaka_Mkavu:
Achana nayo. Kiingereza kinatosha, Wajerumani wanakijua wote.

Babu_Horombo:
Mdogo wangu, visingizio hivyo nilikuwa navyo vyote nikiwa na miaka 41, na kimoja cha ziada: niliogopa kuchekwa.

Tuanze na kichwa kizito. Wewe ni wa Rombo, umezaliwa na Kirombo. Kiswahili umekikuta shuleni. Kiingereza ulichonacho hukukipata darasani kama ulitoka na ziro. Umekiokota kwa wageni ukiwa na mzigo kichwani, tena mtu mzima. Sasa huo uzito umeingia lini?

Eti hakuna Mjerumani wa kuongea naye! Siku tano sita mnalala kambi moja.

Mimi nilikata boksi la biskuti vipande vipande, kila kipande sentensi moja, nikatia mfukoni. Kambi ya Mandara hadi ya Horombo ni mwendo wa saa nyingi, mdomo hauna kazi. Sikuanza na siku za wiki wala rangi, nani atakuuliza rangi kule Kibo? Nilianza na *Langsam*, polepole. *Trinken Sie Wasser*, kunywa maji. *Haben Sie Kopfschmerzen?*, kichwa kinakuuma? Aprili na Mei, masika yakishika na wageni wakipungua, nilikuwa napakua masomo ya bure ya Deutsche Welle nikiwa Moshi mjini, nasikiliza huku napalilia. Migomba haikulalamika.

Watakutisha na der, die, das. Mlima ni *der Berg*, kibanda *die Hütte*, maji *das Wasser*. Makundi matatu tu. Mtu anayesema mlima huu, kibanda hiki, maji haya bila hata kufikiri anaogopa nini? (Sikudanganyi lakini: yao mara nyingi hayana dalili usoni mwa neno kama yetu. Ni kukariri.) Na namba zao wanaanza na ndogo, 25 ni *fünfundzwanzig*, tano na ishirini. Baba mkwe wangu wa Pangani mpaka leo anasema hamsa wa ishirini, kwa hiyo mimi ile haikunisumbua.

Kuhusu kuchekwa, utachekwa. Siku moja tunashuka msituni, jua limewaka, nikajitutumua: *Ich bin heiß*. Nikijua nimesema nasikia joto. Kina mama wawili walicheka hadi wakakaa chini njiani. Kumbe nimewaambia nimepandwa na ashiki! Inasemwa *Mir ist heiß*. Na baridi ni *Mir ist kalt*. Hizo mbili nitazikwa nazo.

Wewe Kaka_Mkavu, njoo saa tisa usiku tukiwa tunaitafuta Gilman's Point, zaidi ya mita 5,600, na mzee wa watu anayeyumba. Nilimuuliza kwa Kiingereza mara mbili kama kichwa kinamuuma, akawa ananitazama tu. Nilipouliza kwa Kijerumani akajibu, na alichojibu kilitosha kumgeuza tukashuka naye. Kiingereza chake alikiacha Horombo.

Mama_Jikoni:
Mimi napika hoteli moja Moshi, nimeanza Kijerumani nikaacha mara tatu. Siyo kukosa muda, kwenye simu nilikuwa nashinda. Kilichonishinda ni kukaa na vitabu peke yangu. Safari hii najifunza na binti yangu wa darasa la sita, ananisahihisha bila huruma. Mgumu, watoto unao?

Mgumu_wa_Rombo:
Ninao watatu, mama. Wa pili ana mdomo sana, nitamkabidhi kazi hiyo.

Babu, shikamoo tena. Boksi nimekata, vipande tisa. Jumatatu napanda. Nihakikishie hiki cha kwanza: *Tanken Sie Wasser*?

Babu_Horombo:
Marahaba. *Trinken*. *Tanken* ni kujaza gari mafuta.