Avoka (wakili) kaweka kikombe chake cha chai juu ya nikaha yangu, mtoto wangu anaona!

BintiKatuba:
Ndugu zangu, natoka kwake sasa hivi, hata viatu sijavua. Jina sitaji kwa sababu hakuna haja. Lubumbashi nzima mnamjua: yule mwenye bango refu kuliko ofisi yenyewe, TALAKA NA MALEZI YA WATOTO, WAISLAMU NA WAGENI KARIBUNI. Yule anayeongea redioni kila asubuhi mpaka unga unachelewa kuiva.

Huyo huyo leo kaweka kikombe cha chai juu ya karatasi yangu ya nikaha.

Ngoja niwape kwa ufupi. Bwana yangu si Mkongo. Alikuja na kazi za migodi kule Kolwezi, tukaoana kwa shehe hapa hapa Lubumbashi, komini (manispaa) ya Kenya, baba yangu mdogo ndiye walii aliyeniozesha, mashahidi wawili, mahari ikatajwa mbele ya watu, nusu ikalipwa na nusu ikabaki deni. Kazi ikamhamishia Dubai. Juzi kanipa talaka kwa sauti ya WhatsApp, haifiki nusu dakika, na nyuma yake nasikia mpira unachezwa. Halafu anasema binti yetu wa miaka minane amekua vya kutosha, apelekwe kwake. Ndiyo nikakimbilia bango.

Nimengojeshwa pale mpaka mafundi wa nyumba ya jirani wakapaka rangi ukuta, ukakauka, wakapaka mara ya pili. Sekretere anataka dola za kufungua dosie (faili) kabla hata hujasema jina. Nikatoa. Nikaingia na mtoto, kwa sababu nyumbani sina wa kumwachia. Bwana mkubwa ana simu tatu mezani, anazijibu zote. Nikampa nikaha. Hakuisoma! Akailaza mezani, akachukua kikombe chake, akakiweka PALE PALE, akasema: "Mama, kwa Leta, yaani serikali, hii ni karatasi ya kufungia karanga. Wewe hujaolewa."

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Sekretere akacheka. Mtoto wangu akaniangalia: "Mama, hujaolewa?"

Alipoinua kikombe kumebaki duara la chai, limepita juu ya sahihi ya baba yangu mdogo. Mzee yule alikufa mwaka jana. Sahihi yake sitaipata tena popote.

Msinifundishe sheria hapa. Anayetaka kusema sheria aanze kwanza na kikombe.

Mzee wa Kamalondo:
Pole sana mama. Adabu hana, na hilo tulishasema zamani. Ila alichosema ni kweli, mdomo tu ndio mchafu. Sheria ya Familia ya Kongo ni ya 1987, ikarekebishwa 2016, na inatambua ndoa iliyofungwa au kuandikishwa kwa ofisa wa etasivili (usajili wa ndoa na vizazi) wa komini. Nikaha peke yake haitoshi, na ndoa ya padri peke yake haitoshi pia. Kadhi wa Leta hatuna nchi hii. Na hata ungepita komini, talaka ya sauti ya simu isingekuwa talaka, ingebidi jaji wa tribinali (mahakama) ya amani, naye anaanza kwa kuwapatanisha.

Pilipili Ruashi:
Chai ya maziwa au ya rangi? Kabla hatujahukumu.

BintiKatuba:
@Pilipili ya rangi. Yenye sukari nyingi, ndiyo maana karatasi inanata mpaka sasa hivi. Cheka. Siku akiweka kikombe juu ya karatasi yako utanitafuta.

Fundi Kampemba:
Dada, miaka yote hiyo komini iko palepale, hukuiona. Mgeni wa migodi kapaki gari, ukapanda. Leo unalilia kikombe.

Yaya Mwajuma:
@Fundi nyamaza wewe. Wa kwako alipita komini, padri na mchungaji, na bado alikufukuza usiku na godoro.

Fundi Kampemba:
Godoro lilikuwa langu.

DadaSharjah:
Jamani niko huku Emirati, nasoma nacheka na kulia. Mama BintiKatuba, huyo bwana wako hiyo ya miaka minane kaitoa wapi? Sheria mpya ya familia kwa Waislamu huku imeanza tarehe 15 Aprili 2025. Malezi yanakwenda mpaka mtoto afike miaka 18. Zamani ndiyo ilikuwa 11 kwa mvulana na 13 kwa msichana. Akifika 15 mtoto mwenyewe anachagua wa kukaa naye. Minane haimo popote!

Mimi ni Mkristo, niliachana kwa ile nyingine ya wasio Waislamu, iliyoanza Februari 2023. Hapo hamuulizwi kosa ni la nani, na malezi wanapewa wote wawili. Rahisi, sivyo? Sasa niwaambie avoka wangu. Kila karatasi lazima igeuzwe Kiarabu na mtafsiri mwenye kibali. Alinitoza kwa ukurasa. Kuna ukurasa una muhuri tu, hakuna hata neno moja, nikalipa! Kikombe chako angalau kilikuwa bure.

BintiKatuba:
@DadaSharjah hakikuwa bure, nilishalipa dosie.

Ustadh wa Njia Panda:
Dada, kwa dini nikaha yako ni sahihi, usitikiswe. Hesabu eda yako, twahara tatu (vipindi vitatu vya kuwa safi bila hedhi), na kama ni talaka ya rejea basi kabla haijaisha anaweza kukurejea. Mahari iliyobaki ni deni, na deni haliishi kwa sauti ya simu. Kuhusu mtoto: mama ndiye wa kwanza katika ulezi akiwa mdogo. Katika madhehebu ya Shafii, akipata akili ya kupambanua, kama miaka saba hivi, huchaguzwa kati ya baba na mama. Anachaguzwa yeye mtoto, baba hamchukui kwa amri. Bwana kaisikia nusu ya kwanza tu ya darsa.

Mswahili wa Tanga:
Nyie Kongo mna shida. Huku kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, cheti unacho. Mkigombana mnapita baraza la usuluhishi, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) kwa Waislamu, kisha mahakama ndiyo inatoa amri ya talaka. Na mtoto chini ya miaka saba, sheria inaanza na dhana kwamba abaki kwa mama.

Pwani Damu:
Sisi Kenya kadhi yumo ndani ya katiba, ibara ya 170. Ndoa, talaka, urithi, mkiwa wote Waislamu na mkikubali kwenda kwake.

Mswahili wa Tanga:
Yumo kwenye katiba lakini yumo ofisini? Shangazi yangu faili lake lilipotea huko, wakamwambia alete nakala ya faili walilopoteza wao.

Pwani Damu:
Usianze. Baraza lenu lilimwita shemeji yangu asubuhi, mwenyekiti akaja baada ya alasiri, akauliza kama kuna aliyeleta maji.

Yaya Mwajuma:
Mama BintiKatuba, wacha kikombe kidogo unisikilize mimi mkubwa wako. Huyo mtoto kaandikishwa etasivili? Baba yake ameandikwa? Sheria yetu inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, azaliwe ndani ya ndoa au nje. Kwa hiyo hata kama hujaolewa kwa Leta, mtoto ana baba kwa Leta, na huyo baba anadaiwa matunzo. Avoka angekuambia hilo badala ya karanga.

La pili. Hata akileta hukumu ya Dubai, haitembei hapa mpaka tribinali ya grandi instansi, ile mahakama iliyo juu ya ya amani, iipe nguvu. Lakini mtoto akishatoka ni balaa. Kongo haimo kwenye mkataba wa La Haye (The Hague) wa 1980 wa kurudisha watoto waliochukuliwa nchi nyingine, na Emirati nao hawamo. Hakuna wa kumpigia simu. Pasipoti ya mtoto iko wapi? Ifiche leo. Usisaini otorizasio (ruhusa) yoyote ya safari, hata wakisema ni likizo.

BintiKatuba:
Yaya, asante, wewe ndiye umenijibu kama mtu. Pasipoti ninayo, iko mahali hata mimi napata shida kufika.

Lakini wengine wote mmepita juu ya kikombe! Mmesema 1987, mmesema 2016, mmesema Tanga. Sikatai, sheria haijui nikaha yangu. Basi aseme hivyo na mkono wake uwe mbali na chai! Binti kaniuliza tena jioni hii, anakula, kaacha kijiko: "Yule baba mwenye simu nyingi alisema kweli?" Mnijibie hilo. Sahihi ya marehemu. Chai. Juu yake.

Pilipili Ruashi:
Basi nakubali, hata kama ni ya rangi, kafanya vibaya.

Papa Likasi:
Huyo huyo mwenye bango? Mimi kila kesi ikiahirishwa ananiomba pesa ya usafiri. Ofisi yake na tribinali zimegawana ukuta.

Fundi Kampemba:
Wangu anakula samosa juu ya dosie. Jaji alifungua, mafuta yamefanya ukurasa unaonekana upande wa pili.

DadaSharjah:
Huo nao angetoza kama kurasa mbili.

Papa Likasi:
Na usafiri umepanda kweli, tusiwaonee sana. Juzi teksi kutoka Ruashi nimelipa mara mbili.

Fundi Kampemba:
Mara mbili wapi? Ulipanda saa ngapi? Hao wa Ruashi wanakuona na tai wanaongeza.

Pilipili Ruashi:
Msitutukane sisi wa Ruashi. Barabara mbovu, mafuta ghali, mnataka kubebwa bure?

Dereva wa Mpaka:
Samahani kuingilia. Kuna mtu yuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, sasa hivi? Foleni ya malori ikoje?

Papa Likasi:
Mdogo wangu yuko huko tangu jana. Anasema amesogea lori moja.