Makongamano ya kujitolea vyuoni: wanafunzi wanaitwa kupiga makofi tu, hadi lini?

Wakuu, kwema?

Uzi huu ni wa serikali za wanafunzi, kamati za maandalizi na ofisi za washauri wa wanafunzi. Desemba 5 ni Siku ya Kujitolea Duniani, na vyuo vimeshaanza kupanga makongamano ya kujitolea na ushiriki wa wananchi. Jamani, mambo yale yale ya kila mwaka yasirudiwe. Inaudhi.

Tuanze na ratiba. Mwaliko unasema saa 2 asubuhi, mgeni rasmi anaingia saa 5. Muda wote huo watu 300 wamekaa wanasikiliza spika. Akifika ni utambulisho wa meza kuu, salamu za mlezi, salamu za mdhamini, risala, hotuba, picha za makundi. Saa 8 hiyo! Vikundi vinavyofundisha watoto hesabu Jumamosi au vinavyohudumia wagonjwa, ambao ndio wenye kongamano, vinaambiwa "dakika tano tano, tunabanwa na muda". Mgeni rasmi mwekeni saa 9 alasiri, aje kupokea maazimio na kufunga. Akichelewa, hakuna kilichosimama. Asubuhi gawanyeni watu makundi ya 12 hadi 15, kila kundi na chumba chake, mwongozaji na mwandishi. Kundi la watu 40 wanaongea watatu, wengine wako kwenye simu.

Chakula nacho. Meza moja, foleni moja, watu 300. Kila sahani ikichukua sekunde 15, mtu wa mwisho anakula baada ya saa moja na robo, na kipindi cha mchana kimekufa. Wekeni meza mbili, kila meza ipakuliwe pande zote mbili: mnamaliza ndani ya dakika 20. Na msimwambie mama lishe idadi ya kukisia halafu mmlaumu wali ukiisha. Kilo moja ya mchele hesabuni watu 5 au 6, kwa hiyo 300 ni kilo 50 hadi 60. Maji ya kunywa, madumu ya lita 20 yapatayo 15 kwa siku na kila mtu na kikombe chake. Mnahubiri mazingira huku mnaacha chupa za plastiki zimetapakaa ukumbi mzima?

Kwenye siku ya huduma ndiko kunakotia uchungu hasa. Mnaenda kupanda miti 200 bila kuuliza mvua za eneo hilo zinaanza lini. Mkoa wa msimu mmoja kama Dodoma unasubiri mvua za mwishoni mwa mwaka, Pwani masika ni Machi. Mashimo yanachimbwa asubuhi ile ile, kina cha kiganja, wakati yalitakiwa yawe tayari wiki mbili kabla, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu umechanganywa na samadi. Halafu mche unafukiwa na kiriba chake! Mizizi inajizungusha ndani ya nailoni na mti unadumaa hadi unakufa. Mkipiga picha mnaondoka, na hakuna aliyeandikwa jina la kumwagilia. Usafi ni hivyo hivyo. Mnazoa taka za mifereji, mnazirundika barabarani, gari la halmashauri hamkuliombea barua, mvua ya usiku inazirudisha zote mferejini. Uchangiaji damu mnauweka saa 7 mchana watu hawajala kitu tangu alfajiri, kisha mnashangaa wanazimia. Mtoa damu anatakiwa awe amekula na kunywa maji ya kutosha.

Na wenyeji wako wapi? Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa wanasikia kelele tu ng'ambo ya ukuta wa chuo. Nendeni wiki nne kabla, muwaulize wao wanahitaji nini. Huenda ni kupaka rangi madarasa mawili, huenda ni kuwasaidia wazee kujaza fomu. Mwiteni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa saa moja aeleze mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kikundi kinasajiliwaje na maombi yanakwamia wapi. Someni pamoja Sura ya 287, yaani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), mjue mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa walau kila miezi mitatu. Mwanafunzi akirudi kwao likizo na hilo kichwani, anaweza kusimama na kudai taarifa ya mapato na matumizi. "Vijana ni taifa la kesho" ameshaisikia tangu darasa la tatu.

Hela: ada ya ushiriki inatumwa namba binafsi ya mweka hazina kwa nini? Chukueni lipa namba, bandikeni mapato na matumizi ubaoni ndani ya siku 7. Fulana na mabango yasizidi sehemu ya kumi ya bajeti. Nauli na malazi ya wanaotoka vyuo vingine vitangulie, maana hosteli muhula ukiendelea huwa zimejaa, na watu wanaishia kulala kwenye viti vya ukumbi.

Kamati ambazo zimeshaandika bajeti za Desemba, ziwekeni hapa tuzipitie mstari kwa mstari kabla hamjaagiza fulana.