Mama kabadilishiwa nyonga halafu anataka kukalia mbuzi, wenye uzoefu naombeni msaada

Binti Makorora:
Habarini humu, shikamooni mnaostahili. Mama yangu ana miaka 66, aliteleza uani akiwa anaanua nguo, mguu ukageuka nje ukawa kama mfupi hivi, eksirei ikaonesha kavunjika shingo ya mfupa wa paja. Tukapelekwa Dar, daktari akasema kwa umri wake kile kichwa cha mfupa damu haikifikii vizuri tena baada ya kuvunjika kwaiyo hata wakikiunga kinaweza kisishike, bora aweke nyonga bandia. Akafanyiwa, namshukuru Mungu, siku ya pili tu wakamsimamisha na woka, kile chuma cha kushikilia ukitembea, mi nikabaki kinywa wazi.

Saivi ni wiki ya tatu tupo nyumbani Tanga. Shida zangu ni hizi. Kwanza mama hakai. Juzi narudi sokoni namkuta kashaivuta mbuzi anataka kukaa akune nazi, eti mimi tui langu jepesi. Nilipiga kelele mpaka jirani kaja. Pili choo chetu cha kuchuchumaa, saivi anatumia ndoo kwa shida na anaona aibu. Tatu kuna shangazi yangu anakuja kila jioni na kichupa cha mafuta anataka kumchua, maana mguu umevimba mpaka kwenye unyayo na kigimbi kinamuuma, tangu juzi naona umezidi. Je amchue au nimzuie, mi sitaki kugombana na shangazi.

Ahaa na zile sindano za tumboni alichoma siku kumi, tulitakiwa tununue nyingine mama akasema imetosha tumbo limekua kama chekecheo. Naombeni mawazo.

Mzee wa Raskazone:
Marahaba binti, pole sana mpe pole na mama. Mimi yangu ya kushoto nilifanyiwa MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mwaka 2018, yangu ilikua ya kusagika sio ya kuvunjika ila baada ya hapo njia ni ileile.

Nianze na choo maana ndio kilinitesa kuliko kidonda. Nilinunua kiti cha plastiki nikatoboa tundu katikati nikakiweka juu ya choo. Siku ya tatu miguu ya kiti ikatanuka kwenye sakafu yenye maji, nusura niende nacho. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea akanitengenezea stendi ya nondo yenye mikono miwili ya kushika na mipira chini, juu nikafunga kikalio cha choo cha kukaa. Kipimo chake mwambie fundi hivi: mama asimame, upime kutoka nyuma ya goti mpaka chini halafu uongeze kama vidole vinne. Akikaa goti lisiwe juu kuliko nyonga. Hicho kipimo tumia kila mahali, kitanda, kiti cha sebuleni, benchi la barazani. Kitanda changu nilikipandisha kwa matofali, wajukuu wakawa wanakiita ghorofa.

Swala naswali kwenye kiti. Rukuu naashiria kidogo tu, sijda naashiria zaidi kidogo, shehe wa mtaani kwetu alisema mgonjwa ana wepesi wake. Ila ulizia na udhu, maana watu wanakumbuka sijda wanasahau kwamba kuinama kuosha miguu ndio hatari yenyewe. Mimi mke wangu alikua ananimwagia mpaka miezi mitatu ikapita.

Mbuzi ifiche. Sio kuiweka pembeni, ifiche kabisa.

Kijana wa Pongwe:
Mnamtisha dada wa watu bure. Hizo za hospitali mara usiiname mara usikae ni za wazungu wanaokaa kwenye masofa. Bibi yangu aliumia mguu akachuliwa mafuta ya nazi na chumvi wiki mbili akarudi shamba. Shangazi amchue tu, uvimbe ni damu mbaya imekaa inatakiwa isambae.

Fizio wa Pwani:
Kijana, bibi yako alibadilishiwa nyonga au alitegua kifundo? Usichanganye mafaili. Na hiyo "isambae" ndio hasa tunachoogopa.

Binti Makorora nisikilize mimi kwanza, mengine soma baadae. Mguu kuvimba baada ya operesheni hii ni kawaida, unaweza kuvimba wiki hata miezi, hasa jioni, na ukilala umeuinua asubuhi unapungua. Lakini uvimbe unaozidi ghafla, kigimbi kinauma, na mgonjwa kaacha zile sindano za tumboni, ambazo ndio dawa ya kuzuia damu kuganda, siku ya kumi, hiyo sio ya kusubiri. Hiyo dawa kwa nyonga huwa inaenda karibu mwezi, wengi huandikiwa mpaka siku 35, maana damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu hata wiki kadhaa baada ya mtu kurudi nyumbani. Bonge likikatika likaenda kwenye mapafu unaweza kumpoteza mtu alikua anaongea vizuri tu. Kwahiyo shangazi ASIGUSE huo mguu, na mama aende hospitali leo apigwe ultrasaundi ya mishipa. Akianza kuhema kwa shida au kifua kuchoma hapo ni kukimbia, hakuna kusubiri bajaji ya bei rahisi.

Sasa kuhusu kukaa chini. Muulize kovu lake liko wapi. Likiwa nyuma kuelekea kwenye tako basi misuli na ngozi ya nyuma ya kiungo ndio iliyofunguliwa, na mpaka ishike, kile kichwa kinaweza kuchomoka akikunja nyonga kupita nyuzi 90, akikunja nne, au akigeuza mguu kwa ndani. Mara nyingi masharti ni wiki 6 mpaka 12. Waliopasuliwa kwa mbele masharti yao ni tofauti, ndio maana nasema karatasi ya kuruhusiwa isomeni au mumpigie daktari wake. Ila fikiria mtu aliyekalia mbuzi: kakaa sentimita chache kutoka chini, magoti yamepanda mpaka kifuani, halafu anainama mbele anasukuma nazi kwa mikono miwili. Yani ukiniambia nibuni mkao wa kuchomoa nyonga nitakuletea huo huo.

Kutembea atembee, kidogo kidogo mara nyingi, asilale tu. Akigeuka apige hatua ndogo ndogo asizunguke kwa kisigino. Akihamia kwenye fimbo aishike mkono wa upande wa mguu mzima, watu wengi hapa mjini naona wanashika upande mbovu. Ngazi: kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka mguu mgonjwa unatangulia. Kulala chali, au ubavu wa mguu mzima na mto mnene katikati ya mapaja.

Mama Wawili Muheza:
Fizio kamaliza ila niongeze ya wanawake ambayo hamtaiona kwenye karatasi. Chupi na sketi avae kuanzia mguu mgonjwa, kuvua aanze mguu mzima. Mama yangu nilimtengenezea kitanzi cha kipande cha khanga kwenye fimbo ndefu anavutia nguo bila kuinama, na viatu vya kusukumiza mguu tu, ndala zinateleza jamani msimvalishe ndala. Mikeka yote toa njiani, na waya wa feni. Zile dawa za maumivu zinafunga choo balaa, mpe mapapai na maji mengi, akisukuma sana chooni nako anainama. Kwenye gari kiti kirudishwe nyuma, weka mto, atangulize makalio kisha miguu iingie pamoja. Bodaboda mwiko.

Kijana wa Pongwe:
Basi nimeelewa, mi nilisema nilivyoona kwa bibi. Mama apone haraka.

Binti Makorora:
Jamani naandika nikiwa nimetulia saivi. Nilivyosoma ya Fizio nilimchukua mama usiku uleule kwa gari ya jirani, na mto kwenye kiti kama Mama Wawili alivyosema. Wamempima, kweli wamekuta damu imeganda kwenye mshipa wa kigimbi, haijapanda juu. Kaanzishiwa vidonge, kaambiwa atumie miezi mitatu asikose hata siku moja. Daktari kauliza nani aliwaambia msimchue, nikamwambia watu wa mtandaoni, akacheka.

Shangazi alikuepo. Aliposikia habari ya mapafu kakitia kichupa chake kwenye mkoba hajasema kitu mpaka tunarudi, jana kaja na embe.

Kovu la mama liko nyuma, kwahiyo masharti yote yanamhusu. Fundi wa stendi nimempata huku huku mtaani, kapima goti la mama kwa futi yake mama anamwambia mwanangu usinigeuze kama dirisha. Mbuzi nimeificha kwa jirani ila haijasaidia sana, maana kaniambia basi niilete nikae mimi nikune mbele yake. Yeye kakaa juu kwenye kiti chenye mito miwili na woka pembeni, anahesabu kila nilivyokuna. Leo kanirudishia kifuu mara mbili, cha kwanza nimeacha nyama, cha pili nimekuna mpaka kifuu chenyewe na tui likawa jeusi.