Tuwafundishe kina mama kujipima matiti, au tunapoteza muda?

Mama wa Kampemba:

Jambo yenu, ndugu zangu. Mimi ni mweka hazina wa likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya kina mama 23 hapa Lubumbashi. Tunakutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tunahesabu fedha, tunakula bukari, kisha tunaagana. Mwaka jana mwenzetu mmoja alificha uvimbe wa titi kwa miezi saba. Sisi tuliona tu kwamba alipombeba mtoto alikifunga kikwembe chini sana, karibu na kiuno, badala ya kukikaza juu ya kifua kama wengine, tukadhani ni mtindo wake. Alipokubali kwenda hospitali, ngozi ya titi ilikuwa imekuwa kama ganda la chungwa na kwapa limevimba. Tulimzika mwezi wa tano.

Tangu siku hiyo nimetaka kila mkutano uanze kwa kukumbushana kujipima. Hata hivyo, binti wa mwanachama mmoja, anayesoma chuo kikuu, aliniambia kwamba wataalamu walilijaribu jambo hilo China wakaona halina faida. Je, niliache? Na nikiendelea, nitalisemaje mbele ya mama wakubwa ambao kwao kulitaja titi hadharani ni kukosa adabu?

Muuguzi Katuba:

Mama, binti huyo hakudanganya, ila habari yenyewe ina upande wa pili. Kuanzia mwaka 1989, zaidi ya wanawake 266,000 wa viwanda vya nguo mjini Shanghai waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilifundishwa kujipima kila mwezi kwa utaratibu maalumu, la pili halikufundishwa. Miaka kama kumi baadaye, waliofundishwa walikuwa wamekufa 135 kwa saratani ya titi, na wasiofundishwa 131. Tena waliofundishwa walitolewa vinyama vya kupimwa vingi zaidi kwa ajili ya uvimbe usio na madhara. Kwa hiyo kumwambia mama kwamba vidole vyake vikizunguka titi kila mwezi atapona, hapana, hiyo si haki kumwambia.

Ninachofundisha mimi ni kidogo kuliko hapo: ulijue titi lako jinsi lilivyo, ili likibadilika ulitambue na uende kuonwa mapema. Anayepata hedhi alikague siku chache baada ya hedhi kwisha, kwa sababu kabla yake titi hujaa na kuwa na vinundu vya kawaida. Aliyekoma hedhi achague tarehe yake. Aoge kwa sabuni, apitishe vidole vilivyonyooka, afike mpaka kwapani, maana sehemu ya juu kuelekea kwapa ndiyo inayoota saratani mara nyingi zaidi. Kisha aangalie: ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, damu inayotoka kwenye chuchu. Anayenyonyesha akiona kinundu cha maziwa ambacho hakijaisha baada ya wiki mbili, asiendelee kukikanda tu nyumbani.

Mambo mawili ninayasisitiza sana. La kwanza, uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na huko kutouma ndiko kunakowadanganya wengi. La pili, vinundu vingi vya titi si saratani, na kina mama walisikie hilo kabla ya yote, la sivyo hofu itawafungia nyumbani. Wale wanaosema «kwetu hakuna ugonjwa huo» wajue kwamba, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya wagonjwa hawana kitu kingine cha kuwaweka hatarini isipokuwa kuwa wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 40.

Yaya wa Ruashi:

Mimi nilikiona changu mwenyewe, kikubwa kama punje ya haragwe, nikiwa bafuni. Siku iliyofuata nilikwenda kituo cha afya, nikaambiwa ni maziwa yaliyoganda, nikapewa vidonge. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka sita! Nilirudi tena, nikapewa vidonge vilevile. Mara ya tatu nilikwenda na wifi yangu, naye alikaa kwenye kiti cha daktari wa zamu akakataa kuinuka mpaka iandikwe karatasi ya ekografia, kile kipimo cha picha cha mawimbi ya sauti. Kinyama kikatolewa kwa sindano, jibu likaja. Tangu siku ya kwanza hadi jibu nilihesabu siku 94. Baada ya upasuaji na dawa za saratani za kupitia mishipa, nilivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka kwa tiba ya mionzi, na nyumba tuliyokuwa tunaijenga imesimama pale pale kwenye msingi.

Mama, wafundishe, lakini mwenzenu huyo pengine alijua vizuri kwamba ana uvimbe. Alikosa mtu wa kumshika mkono na fedha ya kipimo cha kwanza, na likelemba inavyo vyote viwili.

Muuguzi Katuba:

Pole sana, yaya. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike na dalili. Wifi yako alifanya kazi ambayo ilikuwa yetu.

Baba Mapacha:

Msitusahau waume. Mke wa jirani yangu alificha kwa kuogopa kuachwa, na mumewe akaja kulia kwamba angeuza hata pikipiki. Tena na sisi huugua, ingawa ni mmoja tu au chini yake katika kila wagonjwa mia.

Mama wa Kampemba:

Nimewasoma wote, aksanti. Jumapili hii tumekubaliana kila mmoja aongeze franka 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya ekografia, na anayekwenda kuonwa asiende peke yake. Kuhusu maneno, nilimwendea mama mkubwa kuliko wote kwetu, aliyenyonyesha watoto tisa, nikamwomba aanze yeye. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwa sharti moja: vijana watoke uani, na mlango ufungwe.