Nimenunua lori la jeshi M35A2 kwenye mnada, nyumbani ni kilomita 380. Niliendeshe au nilibebe?

MgeniWaLori
Wakuu, heshima kwenu.

Baada ya kulitamani kwa miaka, juzi nyundo ya mnada imeniangukia mimi. M35A2 la Kimarekani, matairi kumi, injini ya maltifueli (inakubali mafuta ya aina nyingi) yenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa, turubai bado lipo. Limelala uwanjani zaidi ya miaka mitatu. Nilienda na betri mbili, likawaka kwa mara ya pili, likatema moshi mweupe kidogo kisha likatulia. Nikalitembeza mle mle ndani, mbele na nyuma. Gia zinaingia, breki zinashika.

Shemeji yangu ni dereva wa malori, anasema tutoke alfajiri, jioni tuko nyumbani. Mke wangu anasema nikodi loubedi, lile trela la chini la kubebea mitambo. Loubedi inaniuma, maana hela yake inakaribia niliyonunulia lori lenyewe. Nimsikilize nani? Na kama ni kuendesha, nikague nini? Naomba kuwasilisha.

Tandiboi_Mstaafu
Shemeji ana leseni, sawa. Lori je, lina namba na bima? Magari yanayouzwa na jeshi mara nyingi hutoka na karatasi ya mauzo tu. Malizana na hilo kabla hujashika spana. Mengine nawaachia mafundi.

Fundi_Grisi
Mkuu, hapo kwenye "breki zinashika" ndipo nimesimama. Zilishika ukiwa mwendo gani? Uwanjani ulikuwa unakwenda sawa na mtu anayetembea kwa miguu. Hata kiatu kingelisimamisha.

Hilo lori halina breki za upepo kamili. Ni breki za mafuta zinazosaidiwa na upepo: kompresa inajaza matangi, upepo unaingia kwenye boosta (kikuza nguvu ya mguu wako), boosta inasukuma mafuta kwenda magurudumu yote. Sasa sikiliza vizuri. Njia ya mafuta ni MOJA. Mpira mmoja ukipasuka, popote pale, pedali inazama mpaka sakafuni na hakuna gurudumu hata moja litakaloshika. Gari ndogo za siku hizi zina njia mbili, ikifa moja unabaki na nyingine. Hapa hubaki na kitu. Hendibreki nayo ni drumu moja tu kwenye propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, imewekwa ili kulishikilia lori lililokwisha simama. Usiipe tani sita zinazoshuka mlima.

Kesho nyanyua kile kibati cha sakafuni miguuni kwa dereva. Mastasilinda, ile pampu ya mafuta ya breki, iko chini yake, ndiyo maana watu wengi hawaiangalii kabisa. Fungua kifuniko, chovya kidole. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye mafuta ya silikoni, DOT 5, miaka ya 1980. Yakiwa mapya yana rangi ya zambarau, yakizeeka hupauka. Ukikuta ni hayo, usithubutu kuongezea DOT 3 ya kawaida, hayachanganyiki.

Kisha weka magogo kwenye matairi, washa injini mpaka upepo ujae, mtu akanyage pedali kwa nguvu zake zote na aishikilie dakika nzima. Wewe uko pembeni na tochi, unamulika mipira yote ya breki, hasa ule wa nyuma karibu na ekseli ambao hakuna anayeukumbuka. Umevimba? Una nyufa? Una unyevu? Mulika na upande wa ndani wa kila gurudumu. Alama ya maji maji inayoshuka kwenye ukuta wa tairi ni silinda inavuja.

Halafu rudi hapa utuambie kama bado unataka kuondoka alfajiri.

MgeniWaLori
Asante Fundi. Shemeji kasoma, anasema ameendesha miaka 15 na mlio wa upepo ukipungua atausikia.

Fundi_Grisi
King'ora cha upepo kinalia presha ikishuka hadi kama psi 60. Kinapima upepo. Mafuta yakimwagika hakilii chochote, kitanyamaza kimya na upepo wako ukiwa umejaa pomoni. Msalimie shemeji.

LoriLaBaba
Niwe mkweli, mimi la kwangu niliendesha kilomita 300 na nikafika. Ila nilikaa nalo wiki mbili kwanza, nikabadilisha mipira yote ya breki na filta zote za dizeli. Na nilibeba filta za akiba, maana uchafu wa tanki lililolala unaanza kutembea ukishafika barabarani, si uwanjani. Nilibadilisha mara mbili njiani.

Matairi usiyapime kwa macho. Tafuta tarakimu nne kwenye ukuta wa tairi, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La kwangu lilikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kabisa, kumbe mpira ulishazeeka. Na kama lipo lililokaa bila upepo, usilijaze likiwa limefungwa kwenye lori huku umeliinamia. Zile rimu zina ringi ya kufungia. Ikiruka inaua. Mpelekee fundi wa matairi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia upepo.

Nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume. Nilishuhudia mtu mzima ananing'inia kwenye spana nusu saa anazidi kuikaza.

Mwendo wangu ulikuwa kilomita 70 kwa saa, basi. Nilisimama baada ya kilomita 15 za kwanza, kisha kila saa, nazunguka nagusa kila habu (kitovu cha gurudumu) kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inabana au beringi inalia. Mteremko shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, na usizidishe mizunguko 2600 kwa dakika. Hizo injini zikisukumwa na mlima hupasuka. Usukani hauna msaada wowote, jioni mabega yangu hayakuwa yangu. Na nyuma yangu kulikuwa na gari ndogo imewasha hazadi muda wote, kwa sababu taa za jeshi ni hafifu mno.

Kwa hiyo inawezekana. Ila si keshokutwa.

BintiDizeli
Mke wako ana akili, mpe maua yake. Tunabeba mitambo, kwa hiyo nakuongezea ambayo mwenye loubedi anaweza asikwambie.

Lipandishwe kwa winchi, lisipande kwa injini kama breki hazijakaguliwa. Minyororo ifungwe kwenye ekseli. Ukifunga kwenye fremu, springi zinacheza na mnyororo unalegea. Simama mapema ukaze tena. Turubai shusha pamoja na vyuma vyake, kwanza upepo utalichana, pili unapunguza urefu, maana lori juu ya loubedi ni refu kuliko unavyodhani. Pima kwa futi kutoka chini kabla ya kukutana na daraja.

Na hili wengi hawalijui: funika bomba la moshi. Upepo wa barabarani ukiingia mle unaizungusha tabo, na injini ikiwa imezimwa hakuna oili inayofika kwenye beringi zake. Itazunguka kavu safari nzima. Kopo na waya vinatosha.

Tandiboi_Mstaafu
Hilo la tabo nimekula chumvi nyingi lakini ndiyo nalisikia leo.

MgeniWaLori
Mrejesho wakuu.

Jana tumefanya kama Fundi alivyosema. Mastasilinda ilikuwa nusu, mafuta meusi kama oili chafu. Shemeji akakanyaga, mimi nikamulika. Magurudumu ya mbele makavu. Nikahamia nyuma. Ule mpira wa karibu na ekseli ulitoa kinundu, kama kidole gumba kinachojitokeza taratibu. Nikamwambia shemeji aachie. Kinundu kikarudi ndani. Akakanyaga tena, kikatoka tena. Nikamwita ashuke aone mwenyewe, nikapanda mimi kukanyaga. Alikaa pale chini muda, akatoka anapangusa magoti, akaniuliza namba ya mwenye loubedi.

Linapakiwa Jumamosi. Kopo la bomba la moshi ninalo tayari. Swali moja: mpira wa breki nikibadilisha mwenyewe, ule mdomo wa bomba la chuma umeshika kutu vibaya, naufunguaje bila kulikunja bomba?

Fundi_Grisi
Spana ya mabomba, ile inayokumbatia nati pande zote, achana na spana mdomo. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu leo, kesho rudia, na keshokutwa. Ukikazana siku ya kwanza utanunua na bomba.