Vifaa vya plonje (kuzama ndani ya maji): ninunue hapa Bukavu ao niagize kwa intaneti?

mwana_nguba:
Jambo bandugu. Nataka kuanza plonje hapa Kivu, nimezunguka Kadutu na Nyawera naona tu miwani ya pisini na palme (viatu vya kuogelea) za plastiki za batoto, kwa intaneti naona seti nzima, maski, detandere (ya kupumulia), gileti ya kuelea, butei ya hewa, bei inapendeza mpaka ukiongeza transpo na duane (forodha), pale kichwa inauma. Mungefanya nini?

papa_sambaza:
Ile miwani ya pisini uache kabisa. Haifunike pua, na ukishuka inakuvuta macho kama ventuzi juu hauna njia ya kupulizia hewa ndani. Maski ya kweli inafunika pua, na ile usiagizie mbali, uiweke kwa uso bila kamba, vuta hewa kidogo na pua, uachilie mikono, ikibaki imekamata ni ya uso wako. Picha haiwezi kukuambia hiyo. Palme pia ujaribu kwa muguu. Kombinezo (nguo ya plonje) ya milimita 3 ao 5 unaweza agiza, ila ujipime na mètre, M ya Wachina si M yetu.

yaya_wa_ibanda:
Mi nauliza kitu ingine mbele: nani atakujazia hewa? Butei ya chuma ya litre 12 ni karibu kilo 15, kwa ndege wanataka iwe tupu, na kwa shingo iko tarehe ya kupimwa, inchi mingi wanaomba kila miaka 5. Kompresa ya kwa quado ile ya pneu apana, apana! Mafuta na moshi vinaingia mu hewa, na ukiwa chini sumu ile inaongezeka nguvu. Tafuta kwanza penye kompresa ya plonje, uulize butei zao ni za DIN ao etriye (namna mbili za kufunga detandere kwa butei), kisha njo uagize detandere yenye inafungana nazo. Na uulize ile marque fundi wake ni nani, juu detandere inaombaka revision (kupimwa na kutengenezwa), mara mingi kila mwaka, na valizi ya kuituma Ulaya si bure.

mwana_nguba:
Aksanti yaya. Na ordinateri ya plonje, ile ya mukono? Kuko mutu anarudi kwao anauza yake occasion.

papa_sambaza:
Angalia kama inakubali altitude (urefu juu ya bahari). Ziwa letu liko mita 1.460 hivi, na tables za bahari, zile za kuhesabu muda wa kukaa chini, zinatumika mpaka mita 300 tu, juu ya pale azoti ya mwilini inafanya matata zaidi ukipanda. Zingine zinajipanga zenyewe, zingine lazima uingize mu menyu, na maji pia uweke ya bila chumvi. Ah na plombu (risasi ya uzito) usiilipie ndege hata siku moja! Hapa unahitaji pungufu kuliko baharini, unapunguza kilo 2 hivi, na fundi wa kuyeyusha utampata.

yaya_wa_ibanda:
Huyo wa occasion umuombe facture ya revision, na akuonyeshe hali ya batri. Akianza kusema "iko sawa tu", uendelee na njia yako.

mwana_nguba:
Sawa, kesho namupigia. Butei naacha kwanza, nitakodisha.